Aabo Aliuliza Mara Mbili

Jumatatu, 12 Januari
Maneno ya leo: uhasama, faragha, kaidi. Ukurasa mmoja, asubuhi nzima. Mwalimu wangu wa Kiswahili aliniazima tamthilia hii tulipomaliza shule. Ni ya zamani sana. Vijana wawili wanapendana, koo zao zinachukiana, mwishoni wanakufa. Alisema nisome kwa sauti na kila neno geni nilitafutie maana. Chuo cha ualimu kitanihoji kwa Kiswahili tarehe 28. Nyumbani baba ni Aabo, mama ni Hooyo, tunaongea Kisomali tu. Lakini hata kwa Kisomali chenyewe, mtu mzima akiniuliza jambo, sauti inanikauka.

Neno uhasama halikunisumbua. Hapa Garissa hata mtoto mdogo anajua koo mbili zinaweza kuchukiana kwa ajili ya kisima.

Jumatano, 14 Januari
Deka, binti ya shangazi, amekuja kusoma maneno ya yule kijana wa tamthilia. Anasoma kama dalali wa mbuzi. Katikati akafunga kitabu. "Hii kijana yako ni mjinga, Hibo. Ameona msichana mara moja, tayari anataka kukufa! Si angetuma wazee?"

Nilicheka mpaka Hooyo akagonga ukuta. Siku nzuri.

Ijumaa, 16 Januari
Adeer Mahat, kaka mkubwa wa Aabo, amefika kutoka Takaba. Ameleta posa. Mwanamume ana duka huko, mkewe alifariki. Sijawahi kumwona. Wanataka nikaha ifungwe kabla ya Ramadhani.

Niliyasikia yote nikiwa jikoni. Mkate wa anjera umeungua. Hooyo hakunigombeza, ndipo nikaogopa.

Nikienda Takaba, chuo basi.

Jumapili, 18 Januari
Kitabuni nimefika pale baba anapomwambia bintiye ataolewa na mwingine. Binti anasema hapana. Mbele yake, wima. Baba anamtukana vibaya, lakini neno limeshatoka. Neno jipya: ridhaa.

Aabo si kama baba huyo. Hajawahi hata kunipandishia sauti. Kwa hiyo inawezekana. Nimetunga sentensi yangu kwa Kisomali: Aabo, sitaki kuolewa sasa, nataka kusoma. Nimeisema zizini, peke yangu na mbuzi. Mara nyingi. Ilitoka vizuri.

Jumanne, 20 Januari
Imekwisha.

Wazee walijaa sebuleni. Nikaitwa. Nikasimama karibu na mlango. Aabo akaniuliza, "Hibo, umesikia maneno ya adeer yako. Una la kusema?"

Nikaangalia mkeka. Sentensi ilikuwepo mdomoni, nzima, haikukosa hata neno. Macho yote yale. Aabo akangoja. Akauliza tena, taratibu, "Una la kusema, mwanangu?"

Machozi tu.

Adeer Mahat akacheka kwa furaha. "Mashallah, ana haya! Kimya cha bikira ndiyo ridhaa yake."

Wakasoma Fatiha. Palepale wakagawana gabbati, zawadi ambayo upande wa mume huwapa wanaume wa ukoo wa msichana. Kila mzee akatia fungu lake mfukoni. Mimi bado nilikuwa nimesimama pale mlangoni. Hakuna aliyekumbuka kuniambia nitoke.

Najichukia.

Ijumaa, 23 Januari
Nimemwambia Hooyo kwamba sitaki. Ilinichukua siku tatu, na hata hivyo nilimwambia akiwa amenipa mgongo.

"Sasa ndiyo unasema?"

Gabbati imeshafika hadi Bura, kwa binamu za Aabo. Ili posa ivunjwe, Aabo atalazimika kumwendea kila mmoja na kumwomba airudishe. Watasema anatawaliwa na binti yake. Hooyo alisema hayo huku akichagua mawe kwenye mchele. Kisha akasema, "Aabo yako aliuliza mara mbili. Umewahi kuona baba anauliza mara mbili? Alikuwa anakutafutia njia."

Sikula.

Yule binti wa kitabuni ana baba mkali wa kumlaumu. Mimi hata huyo sina.

Jumamosi, 24 Januari
Deka amekuja. Nimegeukia ukutani. Ameketi kidogo, ameondoka. Sijasoma.

Jumatano, 28 Januari
Leo ndiyo siku ya mahojiano. Hakuna aliyeitaja. Hooyo amekunja mashuka mapya akayapanga sandukuni. Nimemshikia pembe za upande wa pili.

Baada ya Alasiri Aabo alikuja akaketi kwenye kizingiti cha chumba changu. Hajawahi kuketi hapo. Alikuwa na tasbihi mkononi lakini hakuivuta. Akauliza kama mbuzi wamekunywa maji. Nikasema wamekunywa. Tukakaa. Nadhani alikuwa anangoja niseme. Mimi nilikuwa nangoja aulize.

Kivuli cha nyumba kikafika kwenye zizi. Magharibi ikaadhiniwa. Akainuka, akajipangusa vumbi, akaenda msikitini.