Kiberiti cha Saa Saba Mchana

Mama, shikamoo. Huku Kinole nimekula mananasi mpaka ulimi unawasha, ila jana nusura niunguze midalasini ya watu. Nilitaka kuwachomea majani makavu shambani saa saba mchana, kama baba anavyofanya huko Gairo. Mwenyeji wangu, Bi Zena, akaninyang'anya kiberiti.

"Jua likishapasha mlima, hewa ya bondeni inapanda. Moto utapanda nayo mpaka kwenye nyumba."

Akaachia unyoya wa kuku. Ukapaa kuelekea juu, hauanguki.

Basi tunafyeka, majani tunayatandaza chini ya migomba. Viganja vimechubuka, lakini leo namaliza. Shamba letu pia nitalifyeka mwenyewe, baba anune asinune. Niwekee karanga, na kiberiti chake kifiche mpaka nifike.

Mwanao akupendaye,
Rehema