Macho ya Baba na Uvumi wa Gongo

Mbugani, Kyela
Jumanne, 12 Machi 2024

Kaka Ambwene,

Shikamoo. Natumaini wewe, wifi Catheline na watoto hamjambo huko Mwanza. Huku nyumbani mpunga umesimama vizuri na Mama ni mzima. Asiye mzima ni Baba. Nimekuandikia barua pepe badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu ungenikatiza.

Unajua tangu Oktoba anameza dawa za kifua kikuu. Januari alianza kutungua kakao mbichi. Kwenye mizani wenzake walimcheka. Mmoja wao, Dickson, akamwuliza kama siku hizi anavunia nyani. Baba alijibu kwamba kakao zote, mbichi na mbivu, zimekuwa rangi ya majivu. Hakuna aliyeuliza zaidi. Februari alimwamkia Mama mlangoni kama mgeni.

Kijiji kilikuwa na jibu tayari: gongo imempofusha. Wazee wa kanisa walimwita wakamvua uzee mpaka atubu. Baba aliwaambia hawezi kutubia chupa ambayo hajaishika. Mzee Jubilate akasema huo ndio ukaidi wa walevi. Wanamwambia hivyo mtu ambaye hata msibani pombe ya kimpumu haionji.

Wiki iliyopita nilimpeleka Mbeya kwa daktari wa macho. Alieleza kwamba neva inayounganisha jicho na ubongo imeumia, akataja yanayoweza kuiumiza: pombe yenye sumu, kaswende, kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe, lishe duni, na baadhi ya dawa. Kisha akaomba kadi ya zahanati. Kidonge chenye ethambutoli, dawa ya kifua kikuu inayoweza kudhuru macho, ambacho kwa kawaida hutolewa miezi miwili ya kwanza, Baba amepewa miezi mitano. Daktari ameiondoa hiyo na kumwachia dawa nyingine. Kuhusu macho, alisema huenda yakarudi, huenda nusu, huenda yasirudi.

Nilikwenda zahanati. Nilimwuliza muuguzi nani alimpima Baba macho. Alisema karatasi ya kupimia ipo, ila imezibwa na kabati. Nilipouliza kwa nini vidonge havikubadilishwa, alisema vilivyokuwepo ni hivyo hivyo. Hakuinua uso kutoka kwenye simu yake.

Nimewalaumu wengi hapa, na wanastahili. Lakini uvumi ule haukuanzia kwao, Kaka. Mwaka jana nilitangaza redioni habari za watu waliopofushwa na gongo. Baba alipojikwaa kwenye ngazi, nilimnong'oneza Mama atafute chupa chini ya kitanda. Hakuiona. Akaipeleka hofu yake kwenye kikundi cha akina mama, na huko wazee wakaipata. Kazi yangu ni kuuliza kabla ya kusema, na Baba mwenyewe sikumwuliza.

Jana nilimweleza. Akasema nikayaseme kanisani kwa sauti ile ile ya redioni, watu wote wakiwepo. Mchungaji anataka nisubiri kikao. Sitasubiri, Jumapili nitasimama na kadi mkononi. Baba atakuwepo, na ameomba umwongoze wewe mpaka kwenye benchi. Mimi amenikataza kumshika mkono. Njoo kabla ya Jumamosi.

Nisalimie wifi na watoto. Ndaga fijo, asante sana, kwa kunivumilia mpaka mstari huu.

Mdogo wako,
Atupele