Mama Eugénie, Mwalimu wa Jumamosi wa Keshero

Mwaka umetimia, Mama, tangu asubuhi ile ulipoanguka mlangoni ukivaa viatu, na nje watoto walikuwa wameshapanga mstari wakikungoja.

Ulifundisha shule ya msingi miaka thelathini na mmoja. Ulipoacha chaki, ulianza darasa lisilo na dari. Kila Jumamosi uliwakusanya watoto wa Keshero, mkateremka ziwani au mkapanda kwenye mawe meusi ya volkano kutazama majani yanavyoota pasipo udongo. Hukuwatajia jina la kitu kabla hawajakishika. Mama zao walilalamika juu ya nguo chafu. Ulicheka, ukawapa sabuni.

Kisha vita vikaingia mjini. Risasi zilipoanza, watoto wanane walikuwa kwako, wala hakuna mzazi aliyeweza kuvuka barabara. Mlikaa siku nne koridoni, magodoro yameegemezwa madirishani, maji ni ya ndoo moja.

Siku ya pili, binti yako Marie-Claire alikuomba: "Mama, kumetulia kidogo. Tutoke, tuvuke mupaka, twende Gisenyi. We uko mugonjwa."

"Na hawa batoto ba benyewe, nitabaachia nani?"

Alikukasirikia. Alisema unawapenda watoto wa watu kuliko wa tumbo lako. Ulilala kifudifudi sakafuni pamoja na watoto, mkifuata sisimizi waliotoka kwenye ufa wa ukuta. Gisubizo alihesabu, mwingine alichora njia yao, mwingine aliweka tone la maji katikati aone watapita wapi. Bomu lilipoanguka karibu hata vumbi likawanyeshea, uliuliza kwa sauti ileile:

"Gisubizo, umefika ngapi?"

"Cent dix, Mama." Mia moja na kumi.

"Endelea."

Siku ya tano wazazi walikuja. Wote wanane walirudi kwao wazima.

Lakini uliofunguka ulikuwa mlango wa nyumba tu. Uwanja wa ndege ulifungwa, na dawa zako za presha, ulizozoea kutumiwa kutoka Kinshasa, hazikufika tena. Kando ya ziwa na kwenye mawe uliogopa kuwapeleka watoto, kwa ajili ya mabomu yaliyobaki majanini. Ukafundishia uani, mkizunguka mti mmoja wa avoka, wiki baada ya wiki. Tulipokuuliza dawa, ulisema ziko. Baada ya mazishi Marie-Claire alivikuta chini ya mto wako vidonge vitatu, vimekatwa nusu, na nusu zimekatwa tena.

Kaka yake, Honoré, hakupata njia ya kutoka Kinshasa. Alikuzika kwa simu. Alisikia majembe yakigonga mawe, kisha mtandao ukakatika. Mpaka leo hajaliona kaburi lako.

Jumamosi iliyofuata, mlango wa ua uligongwa.

"Mama hayuko tena," Marie-Claire aliwaambia watoto. "Murudi nyumbani."

Bénie, mwenye miaka tisa, alijibu: "Tunajua. Tumekuja kusoma."

Binti yako anauza vitenge Mabanga. Hajui jina la mdudu hata mmoja. Alisimama pale, mkono kwenye komeo, akalia mpaka watoto nao wakalia. Kisha akafungua, akaketi chini kati yao. Ni wao waliomfundisha siku ile.

Wanakuja bado, nasi bado hatuwapeleki nje ya ukuta wa ua. Wakubwa wanachoka. Wanauliza lini watapanda kwenye mawe, na hatuna tarehe ya kuwapa.

Kwa maneno yale ya koridoni, Marie-Claire hakupata nafasi ya kukuomba msamaha. Ameomba tuyaandike hapa, wote wasome, kwamba alikosea: ulikuwa na watoto kumi, wala hukumwacha hata mmoja.

Tunaokuwaza kila siku: mume wako Papa Védaste Habiyaremye, watoto wako Honoré na Marie-Claire, mjukuu wako Munezero, dada yako Uwingabire wa Murara, na wanafunzi wako wa Jumamosi. Bwana akupumzishe, Mama. Hatutakusahau kamwe.