Dawa Yenye Umbo la Sega

Jumapili, jioni. Joto la leo hapa mtaani Ng'ambo, mbali na pwani, limekaa juu ya bati kama mgeni asiyejua kuaga. Mvua bado inatuzungusha. Na mimi, mwenye maneno kuliko soko zima, niko kimya tangu alasiri.

Mnaonisoma mnanijua. Nauza asali. Nimefika Lusaka, nimefika Bujumbura, nimekula samaki wa migebuka Kigoma mpaka wakaniogopa. Shule ndiyo sikufika nayo mbali: kemia na mimi tuliachana kidato cha pili, bila talaka. Lakini nikiulizwa jambo siwezi kusema sijui. Ulimi haujazoea.

Ndiyo maana juzi Shija aliponiuliza, nikajibu. Shija ni mtani wangu wa Urambo. Analima tumbaku, na asali yangu yote inatoka kwenye mizinga yake. Mizinga hiyo ndiyo inayomsomesha binti yake. Alinituma nimnunulie mjini dawa ya wadudu wa tumbaku, nikampelekea mwenyewe. Akauliza kama inafaa pia kupaka miguu ya mizinga, maana siafu wanamsumbua. Nikamjibu kwa sauti ya daktari, "Paka tu. Dawa ni dawa."

Tazama lugha yetu inavyotuponza. Ya meno, dawa. Ya panya, dawa. Ya mtoto mwenye homa, dawa.

Leo mpwa wangu Zuhura, anayesoma kemia Dar na yuko likizo, alikuwa anaisifu programu moja ya kompyuta yake. Mimi sikubali mtu anizidi kujisifu nyumbani kwangu. Nikamwonyesha picha ya ile pakiti kwenye simu: haya, mashine yako iijue hii.

Akaandika jina. Likatokea umbo, vijistari na herufi, na upande mmoja kitu cha pembe sita.

Sega la nyuki. Nikacheka.

Yeye hakucheka. Akanieleza kwamba programu ile imefundishwa maumbo ya kemikali maelfu ambazo watu walishazipima wakajua ipi inaua nini. Ukiipa umbo geni inalitazama na kukisia tabia yake, kabla tone halijamgusa mdudu. Kama shangazi anayemwona mtoto mlangoni akasema, pua hiyo naijua, huyu ni wa ukoo fulani.

Ikatafuta ukoo. Jamaa mmojawapo ni sumu iliyomo ndani ya tumbaku yenyewe.

"Mmea unaitengeneza usiliwe na wadudu, mjomba. Watu wameiga."

Nimekulia kwenye harufu ya tumbaku, na sikuwahi kujua kwamba jani lile linapigana vita. Nywele zilinisimama, nazo zimebaki chache.

Kisha kwenye kioo, penye neno nyuki, pakawa pekundu, rangi ya hatari.

"Inakisia tu, inaweza kukosea," Zuhura akasema. "Ila kwa hii, hata waliopima kwa mikono wanasema hivyo hivyo. Kwani umempa nani?"

Nikampigia Shija.

"Mswahili, vipi? Asali imekwisha umeanza kulamba ndoo?"

"Shija, umeshapaka?"

"Mzinga mmoja. Kengele ya kanisa ikaniita, nikaacha."

"Usiendelee. Inaua nyuki."

"Si ulisema dawa ni dawa?"

"Nilisema. Kumbe sikujua."

Akasema, "Hilo neno sijawahi kulisikia kinywani mwako. Basi itakuwa kweli."

Babu zetu walibeba mizigo ya watu kutoka hapa hadi pwani bila kuambiwa kilichomo. Mimi nimebeba sumu kwa hiari yangu, nikaisifu njiani.

Shija ameubadilishia ule mzinga miguu, safari hii amepaka grisi chakavu ili siafu wateleze. Kesho alfajiri nakwenda Urambo. Nitasimama mbali kidogo niutazame mlango wa mzinga ule, nione kama kuna nyuki wanaotoka na wanaoingia.

Sijui nitakuta nini. Sijui.