Besi Iliyotaka Kuninyima Sendoff

Ngorongoro, chumba cha kufulia
Jumapili mchana

Mama Neema wangu,

Kabla hujauliza: nipo mzima, ila vidole vya mkono wa kushoto vimeota sugu, na sababu utaisoma hapa chini. Ninyi je? Mgongo wa mama mkwe umepoa? Mikorosho imeanza kuchanua? Na huyo binti yetu, bado anabadilisha rangi ya sare za sendoff yake kila akiamka?

Najua umenipigia hadi umechoka. Simu nimeifua. Mimi, dobi wa mwaka wa sita, ninayewahubiria wenzangu kila asubuhi wakague mifuko ya wageni, niliitia suruali yangu kwenye mashine na simu ikiwa ndani. Ilitoka safi sana. Cheka kwanza, nakusubiri.

Umemaliza? Basi sikia. Mwezi mzima huu nimekuwa mfungwa wa wimbo mmoja, na kilichowekwa rehani ni sendoff ya Neema.

Huku wewe unakujua kwa picha tu. Wageni wanavuka bahari kuja kulitazama shimo hili. Mimi nalitazama kupitia dirisha la kufulia, na nusu ya siku limejaa ukungu, silioni. Kutoka bwenini hadi hapa hazifiki hatua mia mbili, lakini jua likishuka siruhusiwi kuzitembea bila askari, kwa sababu nyati huja kula majani ya bustani. Gari la wafanyakazi hushuka Karatu mara moja kwa mwezi. Ukikosa nafasi, unawapungia mkono.

Kilichoniponza ni mdomo. Meneja wa hoteli alipouliza nani anajua chombo chochote cha muziki, aunde bendi ya kuwaburudisha wageni, nikanyoosha mkono kama mtoto wa darasa la pili. Nikasema nimepiga gitaa la besi kwenye kwaya miaka kumi na minane. Sikusema kwamba miaka yote hiyo nilikuwa nakufuata wewe ukiimba. Ukivuta pumzi, nabadilisha noti. Sijawahi kuhesabu hata mara moja.

Msimu huu kuna makundi matatu ya wazee wa Kizungu wanaopenda pikipiki. Wote wamevaa makoti ya ngozi, mvi hadi mabegani, na wote wanapenda wimbo mmoja wa roki wa ujana wao. Meneja akaleta wimbo kwenye simu yake: "Huu, mzee. Kama ulivyo. Usiongeze chumvi."

Mama Neema, ule wimbo ni gereza. Besi inakaa kwenye noti moja mara nane, inasogea kidogo, inarudi pale pale mara nane. Halafu mwimbaji ananyamaza, magitaa yanalia peke yao muda mrefu, na mimi sina pumzi ya mtu ya kufuata.

Nilijifunzia hapahapa, wenzangu wakiwa kwenye chakula. Lekishon, askari wetu, Mmasai wa Oloipiri, aliegemea mkuki wake mlangoni akasikiliza siku tatu. Siku ya nne akasema, "Mzee, wewe ni ndama wa kwenye kamba. Unakwenda, inakuvuta, unarudi."

"Sasa nifanye nini?"

"Ndama huwa anazoea," akasema, akaondoka zake.

Sikuzoea. Kundi la kwanza lilipokuja, mwimbaji akanyamaza, magitaa yakaanza kulia, na vidole vyangu vikafanya vilichozoea kila Jumapili: vikaingia sebene. Mpiga ngoma naye ni mtu wa kwaya. Aliposikia hivyo akafurahi, akanifuata. Mpiga gitaa akafuata. Wimbo wa roki ukaishia madhabahuni, mimi nikiyumba kiuno mbele ya wazee wa makoti ya ngozi. Walipiga makofi kwa adabu, kama watu waliopewa chakula wasichoagiza.

Meneja aliniita ofisini. Fomu yangu ya likizo ilikuwa mezani.

"Nimekwambia usiongeze chumvi."

"Bosi, ni mkono tu."

"Basi likizo yako iko kwenye huo mkono. Kundi la pili lipo Alhamisi. Ukipiga sawasawa, nasaini. Ukiharibu, unasubiri la tatu."

La tatu linakuja baada ya sendoff, mke wangu. Nilirudi hapa nikakaa juu ya lundo la mashuka. Neema atatambulishwa kwa wakwe, MC atasema "baba mzazi asimame," na atakayesimama ni kaka yako, na suti yake ile.

Nikakazana. Siku moja akaingia Paskalina, mpishi wa mikate, Mwiraqw wa hapo Karatu, kuchukua aproni zake. Akasimama, kichwa upande.

"Baba Neema, mbona unakimbia? Nani anakufukuza?"

"Jaribu wewe basi."

Nilisema kumkomoa. Akakaa, akaweka gitaa mapajani kama beseni la unga. Nikamwonyesha pa kubonyeza. Akaanza kuhesabu kwa mdomo: "Kanda, kanda, kanda..." mara nane, "geuza." Kanda mara nane, geuza. Ndivyo anavyokanda mikate tangu akiwa msichana, anasema. Ilipofika pale pa kunyamaza mwimbaji, hakushtuka. Kwani mkate nao huimba? Nilichohangaika nacho wiki tatu, yeye alikimaliza siku mbili, akiwa anachungulia jiko lisiunguze.

Alhamisi, mchana, wazee wameshakaa. Nikamfuata jikoni. "Paskalina, mimi nitaingia sebene. Najijua. Na mwanangu atatoka bila baba." Akaniangalia, akafuta mikono, akachukua gitaa.

Mimi nikarudi hapa kukunja mashuka. Kupitia ukutani nikaisikia: nzito, imetulia, haiendi popote. Nilikunja shuka lile lile mara tatu.

Meneja alikuwa nje, anasikia tu haoni, akigombana na dereva kuhusu vibali. Wimbo ulipoisha akaja mbio, akanikuta na foronya mkononi.

"Mzee! Leo umeiva! Umekaa pale pale kama jiwe! Sasa sikuachii hata kidogo, la tatu lazima uwepo."

Mlango nikausikia ukisukumwa nyuma yake.

"Aliyepiga ni mimi, bosi," akasema Paskalina, gitaa likining'inia juu ya aproni yenye unga. "Huyu alikuwa anakunja mashuka. Na mimi la tatu nipo."

Meneja akamtazama, akanitazama, akaitazama foronya. "Kwa hiyo wewe kwenye bendi kazi yako ni nini hasa?"

"Mashuka, bosi."

Alicheka hadi akashika mlango. Fomu imesainiwa, ninayo kifuani, si kwenye mfuko wa suruali. Gari la Karatu ni Jumatano ya wiki ijayo. Hadi hapo naendelea kuhesabu nyati. Barua hii anaibeba dereva wa Arusha, ataikabidhi kwenye basi, itanitangulia.

Mama mkwe mwambie namletea blanketi la baridi ya huku, ingawa Masasi atalifanyia nini sijui. Shemeji mwambie suti aikunje, baba mzazi anakuja. Mwalimu wa kwaya msalimie sana.

Najua mtanipa besi Neema akiwa anaingia ukumbini. Nitapiga. Ukiona nimeng'ang'ania noti moja, usinikonyeze nihame. Nikihama pale, nitalia mbele ya wakwe. Wewe vuta pumzi tu, kwa nguvu, nikusikie.

Dobi wako,
Baba Neema