Shamba la Kuwindia Njiwa

Dada Winifred,

Leseni ya bunduki nimepata. Kilichobaki kilikuwa shamba la kuwindia njiwa, nikabisha hodi kwa wakulima sita. Wa mwisho, jirani yako mzee Thirkell, alinitazama akauliza, "Mbona huendi kwa dada yako? Njiwa wanammalizia njegere."

Nikamjibu, "Alinifungia geti siku tuliyomzika baba."

Akasema, "Basi njoo kwangu. Ila bunduki usiielekeze upande wake."

Nimekubali. Kuanzia Jumamosi nitajibanza nyuma ya ua unaotenganisha mashamba yenu. Njiwa nitakaowakosa watatua kwako, nami bado sina shabaha. Usije kunipungia mkono.

Ni mimi, mtoto wa baba yako, upende usipende,

Clement