Sahani za Selika

Jumatatu, 7 Machi 1988
Plasta inawasha! Na laiti ningevunjika mguu kwenye gari, ningekuwa na la kusimulia. Lakini paani, nikigeuza eria ya televisheni! Likoni nzima inanicheka.

Mashindano ya magari ni Jumapili, ng'ambo ya feri, kule kwenye uwanja wa lami, Changamwe. Selika yangu ataiendesha Dhahabu. Mke wangu! Mwenyewe kajitolea: "Kwani usukani una ndevu?" Nikacheka, nikakubali. Sasa sicheki. Kona ile ya ukuta wa bohari naijua. Mwaka jana tairi la nje lilijikunja pale, gari likateleza, nikaponea chupuchupu. Lazima magurudumu ya mbele yainamishwe, vichwa viingie ndani, nyayo zitoke nje, ili kona ikilibana tairi likanyage lami sawasawa. Wenzangu wa klabu wanaita kemba. Mimi naogopa tu. Ukuta ule hauna huruma.

Jumatano, 9 Machi
Binamu yangu Rama karudi na meli, kaleta sahani. Si za wali — za chuma, za kufungwa chini ya boneti, pale shokamzoba inapoishia juu. Ukizisogeza, gurudumu nalo linainama. Kaleta aina mbili! Dhahabu kazimwaga zote juu ya shuka langu, grisi kila mahali. Mama akasonya, akatoka.

Aina ya kwanza ina mpira katikati na matundu matatu tu, yote ya kuingiza ndani. Haipigi kelele, ila inasogea kidogo. Ya pili chuma kitupu, ina mfereji mrefu, unasogeza utakavyo, ndani au nje. Hiyo barabara ikiwa mbaya inagonga kama masufuria.

Dhahabu anataka ya mpira. Anasema ile nyingine ina mambo mengi. Mambo mengi ndiyo ninayoyataka! Au sivyo? Nimezigeuza mpaka vidole vinanuka chuma. Ningekuwa na miguu ningezijaribu zote mbili. Lakini nimelazwa hapa kama gunia la nazi, kila kitu naletewa, hata maji ya kunawa.

Alhamisi, 10 Machi
Chuma. Nimeamua. Dhahabu kaninunia. Angalau hili moja nimelichagua mimi.

Ijumaa, 11 Machi
Charo ndiye anayefunga. Fundi wa malori huyu, magari ya mbio hajayazoea, ila mkono wake mzuri. Nimempelekea maneno kupitia Dhahabu: magurudumu ya mbele ayalaze ndani, tena sana.

Jioni Dhahabu karudi amefurahi, manuno yameisha. Charo kaazima timazi ya mwashi, kaining'iniza ubavuni mwa tairi, akapima huku na huku. Kasema nisiwe na wasiwasi, yamelala ndani vile nilivyotaka. Nikauliza yamekaaje hasa. Dhahabu alikuwa amesimama kichwani pangu akinirekebishia mto, akanionyesha hapo hapo kwa viganja: viwili, ncha za vidole zimekaribiana juu. Sawasawa kabisa! Nimelala usingizi wa kwanza wiki hii.

Jumamosi, 12 Machi
Dhahabu kaliendesha gari mpaka Shika Adabu na kurudi. Linagonga, anasema, lakini linakwenda. Nimemwambia hiyo kelele ndiyo dawa. Sijaliona. Kichochoro chetu hakipitishi gari, na dirisha hili linatazama choo cha jirani.

Jumapili, 13 Machi
Kaja kuniaga. "Radhi, Boga," ndivyo anavyoniita. Nikamwambia radhi tele, inshallah, na kona ya ukuta aende nayo kwa imani, gari litashika. Nimemwambia hivyo kwa kinywa changu! Asibane breki, alitie tu gari kwenye kona.

Mama kamsindikiza barabarani. Karudi, kaketi, kavua ukaya kichwani, kauliza, "Mwanangu, gari lenu hilo limepata matege tangu lini?"

Nikamwuliza matege vipi. Akainuka, bibi mzima, akasimama katikati ya chumba, akatanua magoti nje, nyayo zimekaribiana. "Hivi."

Ya Rabi. Vichwa nje, nyayo ndani!

Nimeelewa yote kwa mara moja. Kwa Charo tairi hulala pale linapokanyaga, kama kiatu kilicholika upande. Nilisema ndani. Sikusema nini kiingie. Na vile viganja — Dhahabu alikuwa kichwani pangu, nami chali! Kumbe vidole vilielekea chini, zilizokaribiana ni nyayo. Nilimwona juu chini, nikafurahi. Sahani ya mpira isingeweza kutoka nje hata Charo angetaka. Mke wangu aliitaka ile. Mimi nikajifanya mjuzi.

Simu hatuna. Rama keshakwenda uwanjani. Mama katoka mbio kutafuta mwenye baiskeli amuwahi Dhahabu kwenye feri kabla hajavuka. Mbio gani, na magoti yale? Nimejaribu kusimama nikaanguka, naandika nikiwa sakafuni, siwezi kupanda kitandani wala kufika mlangoni. Nimeita, jirani kafungulia redio.

Foleni ya feri Jumapili huwa fupi. Ee Mungu, leo iwe ndefu. Wapakie malori kwanza. Feri izime injini, nisamehe, izime tu hapo hapo ukingoni. Dhahabu hatakwenda pole kwenye kona. Nimemwambia alitie.

Honi! Honi ya feri. Inaingia au inatoka? Mlio wake ni mmoja.